Kompyuta mpakato inazima ikiwa usingizini na inaganda na skrini ya nje: nianze na dawa ipi?

Mwandaaji wa ratiba, Arusha mjini

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha, kwa sababu mafundi wawili niliowaendea wamenipa majibu yasiyokutana. Ninaandaa ratiba za wageni katika ofisi ndogo karibu na Mnara wa Saa, na kazi yangu yote imo katika kompyuta mpakato moja niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina Windows 11, RAM ya gigabaiti 16 na diski ya SSD. Ofisini naiunganisha na skrini ya nje ya inchi 24 kupitia habu ya USB-C (kisanduku kidogo kinachogeuza mlango mmoja kuwa mingi), ambayo papo hapo inapitisha chaja na waya wa intaneti. Skrini moja naweka bei za kambi na viingilio vya hifadhi, nyingine naweka ratiba ya siku kwa siku.

Tatizo la kwanza ni la jioni. Nafunga kifuniko, naitia mkobani, na nikifika nyumbani Njiro naikuta ina joto la kutisha, feni inavuma, na nikiifungua skrini ni nyeusi tii. Taa ya kitufe inawaka lakini kibodi haijibu, mpaka nibonyeze kitufe cha kuwashia kwa zaidi ya sekunde kumi ndipo izime. Siku nyingine naikuta imejiwasha upya yenyewe, na kila nilichokiacha wazi kimepotea.

Tatizo la pili ni la mchana. Nikiinuka kumpokea mgeni, skrini ya nje ikajizima baada ya dakika 15, nikirudi picha inapepesa mara mbili tatu kisha kila kitu kinaganda, hata kishale cha kipanya hakisogei. Wiki iliyopita nilipoteza ratiba ya siku tisa niliyoianza asubuhi, nikaiandika upya usiku kucha kwa sababu mteja alikuwa akiisubiri.

Fundi wa kwanza anashauri kupiga Windows upya. Wa pili anasema ubao mama umechoka na ubadilishwe. Mume wangu anaona niiuze ninunue kompyuta ya mezani. Naomba mnilinganishie njia hizi tatu, na kama ipo ya nne niifahamu.

Fundi wa Sakina

Dada, pole sana kwa ratiba hiyo. Nitaanza na ubao mama, kwa kuwa ndiyo njia ghali kuliko zote na ndiyo inayopendekezwa haraka kuliko zote. Ubao mama uliochoka hauchagui saa. Mashine yenye ubao mbovu huzima ukiwa unaandika, huzima ikiwa inawaka, na mara nyingine hukataa kuwaka kabisa. Ya kwako, kwa maelezo yako mwenyewe, inafanya kazi mchana kutwa bila kasoro hadi kitu fulani kilale, ama mashine yenyewe ama skrini. Kwa hiyo ningeliweka wazo la ubao mama mwisho kabisa wa foleni.

Pili, una dalili mbili, na hakuna anayejua bado kama ni ugonjwa mmoja au miwili. Kabla ya kulinganisha dawa, zitenganishe dalili. Usiku wa kwanza na wa pili, chomoa habu kabisa, weka mashine mezani (usiitie mkobani), funga kifuniko, uone kama asubuhi itaamka. Usiku wa tatu na wa nne fanya vivyo hivyo habu ikiwa imechomekwa. Mchana, unganisha skrini kwa waya wa HDMI moja kwa moja kwenye mashine bila habu, na upange skrini ijizime baada ya dakika moja badala ya 15, ili usisubiri nusu siku kuona matokeo. Zoezi hili halitakugharimu chochote ila subira, na litakwambia mengi kuliko sisi sote hapa.

Jambo la tatu ni kujua mashine yako inalala usingizi wa aina gani. Fungua dirisha la amri uandike `powercfg /a`. Ikitajwa S3 miongoni mwa zinazopatikana, maana yake ni usingizi wa zamani: kila kitu hukatiwa umeme isipokuwa RAM, ambayo hupewa umeme kidogo wa kuhifadhi ulichokuwa ukifanya. Ikitajwa S0, huo ni usingizi wa mtindo wa simu. Skrini inazimika, lakini mashine imebaki macho nusu, inaweza hata kupokea barua pepe. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina S0 tu, na hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya kompyuta kuchemka mkobani: programu au kifaa fulani kimekataa kutulia, na mkoba hauna pa kupitishia joto.

Mhasibu wa Majengo, Moshi

Nakubaliana na Fundi, ila mimi nimeshapita njia hiyo na nitasema nilikofikia. Kwa miaka miwili mashine yangu ilinisumbua kwa kuchemka mkobani kati ya Moshi na Arusha, na kilichonituliza ni kuacha kabisa kuilaza na badala yake kuihaiberneti.

Tofauti yake ni hii. Ikilala kwa kawaida, kazi yako imo ndani ya RAM, na RAM ikikosa umeme husahau kila kitu. Ukiihaiberneti, yote yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski katika faili liitwalo hiberfil.sys, kisha mashine inazima kweli kweli. Betri haitumiki, feni haizunguki, na hata betri ikiisha njiani, ukifika nyumbani na kuiwasha unazikuta kurasa zako kama ulivyoziacha. Umeme wetu ukikatika usiku, hilo si jambo dogo. Gharama yake ni mbili tu. Kuamka kunachukua muda zaidi, ingawa kwa SSD ni sekunde chache. Na faili lenyewe linakula nafasi, kwa kawaida kiasi cha asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo kwako ni gigabaiti sita na kitu.

Kama haionekani kwenye orodha ya kuzimia, fungua dirisha la amri ukiwa na ruhusa ya msimamizi, andika `powercfg /h on`, kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme uchague kwamba kifuniko kikifungwa mashine ihaiberneti. Kazi ya dakika tano. Kupiga Windows upya kungekupotezea siku nzima, na programu zako zote ungezirudisha moja moja.

Mwalimu wa TEHAMA, Tengeru

Ushauri wa Mhasibu ni mzuri kwa safari ya jioni, lakini naomba niutilie mpaka. Kuihaiberneti kunakwepa tatizo la usingizi, hakulitibu, na tatizo la mchana la skrini halitaguswa hata kidogo, kwa kuwa hapo mashine haijalala. Dada asije akaona usiku umetulia akadhani amepona.

Windows inapoanguka huacha nyayo, na hizo nyayo ndizo zitakazotuamulia ugomvi wa mafundi wake wawili. Njia rahisi ni kuandika `perfmon /rel` katika kisanduku cha kutafutia. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu kila siku mashine ilipoanguka. Njia ya pili, yenye undani zaidi, ni kuandika `eventvwr`, kufungua rekodi za mfumo, na kutafuta tukio namba 41 kutoka Kernel-Power. Tukio hilo peke yake linasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Kinachohitajika ni mstari wa BugcheckCode ulio ndani yake. Ukiwa sifuri, Windows haikupata nafasi ya kuandika sababu. Aidha iliganda moja kwa moja au umeme ulikatika. Ukiwa na namba nyingine, namba hiyo ni jina la ugonjwa, ila imeandikwa kwa desimali. Namba 159 ndiyo 0x9F (0x huashiria namba ya heksadesimali), yaani DRIVER_POWER_STATE_FAILURE: kuna kiendeshi (programu ndogo inayokiongoza kifaa) cha kifaa fulani kilichoambiwa kilale au kiamke, kikakaa na amri hiyo bila kujibu. Namba 278 ndiyo 0x116, ambayo inahusu kadi ya michoro iliyoganda na kushindwa kuinuliwa. Namba 292 ndiyo 0x124, na hiyo tu ndiyo ingenifanya nimsikilize kwa makini fundi wa ubao mama, kwa sababu ni kosa lililoripotiwa na maunzi yenyewe.

Ndiyo maana nasema usipige Windows upya sasa. Ukiipiga leo, unafuta ushahidi wote, pamoja na mafaili yaliyomo katika folda ya Minidump, ambamo Windows huweka kumbukumbu za kila anguko. Na kama chanzo ni kiendeshi, Windows mpya itajipakulia kiendeshi kile kile kupitia masasisho, na baada ya wiki moja utarudi hapa ukiwa umepoteza fedha na mpangilio wako.

Inapoganda tena, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwashia, jaribu kubonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huanzisha upya kiendeshi cha michoro. Ukisikia mlio mfupi na picha ikarejea, tatizo liko upande wa michoro, na ratiba yako itakuwa imenusurika.

Mkazi wa Ngaramtoni

Sijasikia mtu akiitilia shaka habu, nami ningeanza hapo. Kifaa kimoja kinabeba picha, chaja na mtandao kwa pamoja, na kwa kawaida ndicho kitu cha bei ya chini kuliko vyote mezani. Dada, kishike baada ya saa mbili za kazi uone kilivyo na joto.

Picha kupitia USB-C inahitaji mlango unaoweza kupitisha DisplayPort (mfumo wa kupeleka picha kwenye skrini), na si milango yote ya USB-C inayoweza. Wako unaweza, la sivyo usingepata picha kabisa. Lakini ndani ya habu picha hiyo hugeuzwa kuwa HDMI na chipu ndogo, na skrini ya nje inapojizima, baadhi yake hukata mawasiliano kana kwamba umechomoa waya. Ikirudi, habu inajitambulisha upya, na vifaa vyote vilivyomo vinayumba pamoja nayo. Kule kupepesa mara mbili tatu unakokuona ndiko huko. Skrini nyingi zina mipangilio ya usingizi mzito ndani ya menyu yake, uzime.

Angalia na chaja. Habu hujichukulia sehemu ya umeme kabla ya kuupeleka kwenye mashine, kwa hiyo chaja ya wati 45 ikipita humo huenda isitoshe mashine inayotaka 65.

Halafu kuna nyaya. Kwa wale wanaotumia DisplayPort kamili, zipo nyaya za ovyo ambazo pini ya 20 imeunganishwa kutoka mwisho hadi mwisho, jambo lisilotakiwa, na kwa njia hiyo skrini inarudisha umeme wa volti 3.3 kwenye kompyuta. Rafiki yangu alihangaika miezi na kompyuta iliyokuwa ikikataa kuwaka hadi skrini ichomolewe. Alibadilisha waya tu.

Mpenzi wa Linux, Rau

Kwa faida ya wasomaji wanaotumia Linux, kisa ni kile kile kwa majina mengine. Andikeni `cat /sys/power/mem_sleep`. Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika: s2idle ni usingizi mwepesi, deep ni ule wa S3. Mashine ikiwa na yote mawili, unaweza kuongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Ikiwa na s2idle peke yake, msiilazimishe.

Mwandaaji wa ratiba, Arusha mjini

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimefanya majaribio kwa siku nane na ninaleta matokeo.

`powercfg /a` imeonyesha S0 tu. S3 imeandikwa kwamba haiungwi mkono na mashine. Usiku wa kwanza na wa pili bila habu, mashine iliamka vizuri asubuhi. Usiku wa tatu, habu ikiwa imechomekwa, niliikuta imejiwasha upya. Usiku wa nne niliikuta nyeusi. Nilipofungua rekodi, mikono ilikuwa ikinitetemeka kidogo kwa sababu sijawahi kuingia huko, nikakuta tukio namba 41 mara sita katika mwezi mmoja. Nne kati ya hizo zina BugcheckCode 159. Mbili zina sifuri, na saa zake ni zile ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimebonyeza kitufe kwa nguvu. Hakuna 292 hata moja.

Mchana, kwa HDMI ya moja kwa moja, skrini ilijizima na kurudi zaidi ya mara ishirini bila kuganda. Kwa kupitia habu iliganda mara ya tatu. Nilibonyeza zile funguo nne na hakuna kilichotokea.

Ndipo nikajaribu jambo moja ambalo hamkulitaja. Niliacha habu ikiwa na picha na chaja, nikachomoa waya wa intaneti, kisha nikakizuia kifaa cha mtandao cha habu kwenye orodha ya vifaa vya Windows. Tangu hapo nimelala nayo habu ikiwa imechomekwa usiku mbili, na zote imeamka. Picha bado inapepesa inaporudi, lakini haigandi.

Mwalimu wa TEHAMA, Tengeru

Marahaba, binti yangu. Umefanya kazi ya kifundi kweli kweli, na hatua ile ya mwisho ndiyo iliyotupa jibu. Ndani ya habu yako kuna kadi ndogo ya mtandao yenye kiendeshi chake. Mashine inapotaka kulala humwambia kila mmoja alale, huyo wa mtandao hajibu, na Windows ikichoka kungoja inaanguka kwa 0x9F. Skrini inapojizima na habu kujitambulisha upya, anaambiwa aamke, na hapo pia anakwama. Kwa hiyo hata zile funguo nne hazikuweza kusaidia, maana kosa halikuwa la michoro.

Sasa ulinganisho unakuwa mwepesi. Ubao mama usiguswe. Windows isipigwe upya. Bila kutoa senti, pakua kiendeshi kipya cha chipu ya mtandao kutoka kwa mtengenezaji wa chipu yenyewe, maana muuza habu mara nyingi hana. Ukitaka kujua ni chipu ipi, fungua sifa za kifaa hicho utazame kitambulisho chake. Kikishindwa, tumia Wi-Fi ofisini.

Mfanyabiashara wa Kaloleni

Bado namtetea mume wa dada. Kompyuta ya mezani haina habu, haina betri ya kuvimba, na ukitaka kubadilisha kifaa kimoja unafungua skrubu mbili.

Fundi wa Sakina

Ndugu yangu, kwa ofisi isiyohama ningekuunga mkono. Lakini kwa mji ambao umeme unaweza kukatika ukiwa katikati ya sentensi, betri ya kompyuta mpakato ni UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) iliyokuja bure. Kompyuta ya mezani ingemtaka anunue na UPS, na bado jioni asingeweza kuibeba kwenda Njiro. Akija kuinunua siku moja, aache ule usingizi mseto uendelee kufanya kazi, kwa kuwa huandika yaliyomo kwenye RAM katika diski kabla ya kulala, na umeme ukikatika kazi haipotei.

Dada, umebakiza joto la mkobani. Usiku bila habu mashine iliamka, sawa, lakini ilikuwa juu ya meza yenye hewa. Andika `powercfg /sleepstudy`, ufungue ripoti itakayotengenezwa, utazame kipi kiliifanya ibaki macho. Bila kujali utakachokiona, fuata ushauri wa Mhasibu kwa safari: kifuniko kikifungwa bila chaja, ihaiberneti. Na usubiri taa izime na feni inyamaze kabla ya kuitia mkobani. Wengi hufunga kifuniko na kuvuta zipu papo hapo, mashine ingali inaandika.

Mwandaaji wa ratiba, Arusha mjini

Nimechagua hivi. Skrini ya nje sasa iko kwenye HDMI ya moja kwa moja, chaja inaingia kwenye mashine yenyewe, na habu imebaki na waya wa intaneti tu, ikiwa na kiendeshi kipya. Nikiondoka ofisini naichomoa, na kifuniko kikifungwa mashine inahaiberneti. Ripoti ya usingizi ilionyesha programu ya kuhifadhi picha mtandaoni ikifanya kazi karibu safari yote ya kurudi nyumbani. Nimeizuia isijiendeshe yenyewe. Leo ni usiku wa tisa na jana nimetoa mkoba ukiwa baridi.

Swali la mwisho: tovuti ya mtengenezaji ina BIOS mpya (programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows), na maelezo yake yanataja uimara wa usingizi. Niiweke?

Fundi wa Sakina

Iweke, lakini si leo ukiwa na kazi ya mteja. Hakikisha faili ni la modeli yako hasa, herufi kwa herufi. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje, chomoa habu na skrini, jaza betri, na uache chaja ikiwa imechomekwa. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, yaani usimbaji wa diski wa Windows, tafuta kwanza ufunguo wake wa kurejeshea uuandike kwenye karatasi, kwa sababu baada ya kubadilisha BIOS mashine inaweza kuuomba. Ikianza, skrini inaweza kuwa nyeusi kwa dakika kadhaa na feni kuvuma kwa nguvu, na hapo ndipo wengi huingiwa na hofu wakabonyeza kitufe. Wewe usikibonyeze. Isubiri ijiwashe yenyewe, kisha rudia usiku mbili za majaribio kama ulivyofanya mwanzo.